Akili ya ndani haisikii hotuba

Likizo kubwa iliyopita wanafunzi wangu wawili walinialika tuende pamoja kwenye semina ya siku moja, katika ukumbi mmoja huko Himbi, hapa mjini Goma, mashariki ya Kongo. Kiingilio kilikuwa dola 10. Mmoja wao, msichana wa Ndosho, alizikusanya dola hizo kwa kukaanga mandazi mbele ya nyumba yao majuma matatu mfululizo. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, tena aliongea kwa uhakika ambao sisi walimu hatunao. Alisema akili ya ndani, ile inayofanya kazi bila sisi kujua, ni mtumishi asiyejua kukataa. Ukiitamkia jambo, italileta. Akatusimamisha ukumbi mzima, mkono kifuani, tukatamka mara 21: "Mimi ni mshindi. Mimi ni tajiri. Pesa inanitafuta." Tukatoka kila mtu na karatasi ya kubandika ukutani, na agizo la kuisoma kwa sauti kila asubuhi kwa siku 21.

Karibu miezi miwili baadaye yule wa mandazi alinisubiri nje ya darasa. Hakudai dola zake. Aliuliza huku akitazama chini: "Mwalimu, akili yangu ina shida gani? Nilifanya siku zote 21, hata moja sikuruka."

Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo. Nafundisha saikolojia katika seksheni ya pedagojia, vijana ambao kesho watafundisha watoto wetu, na siwezi kunyamaza mwanafunzi anapolipa jasho la majuma matatu ili arudi nyumbani akiamini ana ubovu ndani yake. Akili ya ndani ipo. Kazi inayofanya ni kubwa kuliko tunavyodhani, na mtu akiielewa anaweza kweli kubadilisha maisha yake. Ila lugha yake si maneno. Inajifunza kwa yale ambayo mwili unayarudia, mahali pale pale na saa ile ile, na kwa yale yaliyowahi kuutisha.

Simama siku moja pembeni ya barabara ya Rutshuru uangalie watu wa chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, wakishuka kutoka Kibumba. Mbao, magurudumu mawili, magunia ya viazi yamekazwa kwa mpira. Goti moja liko juu ya ubao, mguu wa pili uko nyuma, unakanyaga kipande cha tairi kinachosugua gurudumu, na hiyo ndiyo breki. Mbele kuna shimo, kuna jiwe la volkano, kuna motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayeingia barabarani bila kutazama. Mwenye chukudu anayajibu yote hayo kwa kiuno na bega, wewe hujapepesa jicho. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akipumzika karibu na sanamu ya chukudu pale mjini: anajuaje ni wakati gani wa kuegemea kushoto? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anavyomeza mate.

"Mukono njo inajuaka, mwalimu. Ukianza kuifikiria, unaanguka. Miye niko nafikiria bei ya viazi."

Katika vitabu vyangu vyote sina maelezo mazuri kuliko hayo. Alikuwa na mpwa wake anayejifunza kazi, na nikamuuliza anamfundishaje. Alisema anampa kwanza chukudu tupu kwenye mteremko mfupi, asubuhi, magari yakiwa machache. Wiki nyingi za chukudu tupu. Kisha gunia moja. Hamwambii aseme "mimi ni dereva hodari" hata mara moja.

Wanasayansi walilifikia jambo hilo hilo kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 kijana Mmarekani aitwaye Henry Molaison, mwenye miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kumwondolea kifafa. Madaktari walitoa sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Ukitoka chumbani na kurudi, kwake ulikuwa mgeni. Brenda Milner, mtafiti kutoka Montréal, alimpa kazi ya kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila mtu kwa kuwa kioo kinageuza mambo. Molaison aliirudia kwa siku tatu. Kila siku aliiona kama kazi ambayo hajawahi kuigusa, na kila siku mkono wake ulikosea kidogo zaidi. Yeye hakujua kwamba amejifunza. Mkono ulijua.

Kwa hiyo ndani yetu mna ghala mbili angalau. Ya kwanza ina majina, tarehe na habari tunazoweza kusimulia. Ya pili haina msimulizi. Ndiyo inayoendesha chukudu, inayofunga kamba za viatu, inayokupeleka mpaka mlango wa ofisi ya zamani ulipokuwa umedhamiria kwenda sokoni. Semina ya Himbi iliongea na ghala ya kwanza, kisha ikatuahidi mavuno kutoka ghala ya pili.

Ghala hiyo ya pili haihifadhi ujuzi peke yake. Inahifadhi na hofu, na sisi watu wa Goma hapo tunapaswa kusikiliza vizuri.

Mwaka 1911 Édouard Claparède, daktari wa Geneva, aliandika kuhusu mgonjwa wake, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Kila siku alimsalimu daktari huyo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Siku moja Claparède alificha pini katikati ya vidole vyake, akamchoma alipompa mkono. Muda si mrefu mama yule akasahau. Lakini daktari aliponyoosha tena mkono, aliurudisha wake. Alipobanwa aeleze kwa nini, alijibu tu kwamba huenda watu wakaficha pini mkononi. Pini yenyewe hakuikumbuka hata kidogo.

Pini yetu ni Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, anga la kaskazini lilipogeuka jekundu. Moto wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulishuka mpaka Buhene, ukameza nyumba, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha ikaja ile mitetemeko, usiku na mchana, siku baada ya siku, kuta zikipasuka, mpaka tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, wengine kwa miguu kwenda Sake, wengine kwa meli kwenda Bukavu, wengine Rwanda. Walio wakubwa walikuwa na pini nyingine tayari, ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokatiza katikati ya mji mpaka ziwani. Na waliokuwa hapa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hawahitaji nieleze ni sauti gani nyingine zimejipanga masikioni mwao.

Nyumbani kwetu lori la mchanga likipita usiku, sahani kabatini zinalia, na miguu yangu inafika mlangoni kabla yangu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Najikuta nimesimama, kitasa mkononi, baridi ya sakafu nyayoni, na hapo ndipo mimi mwenyewe ninawasili na kuuliza: kuna nini? Joseph LeDoux, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwa panya kwamba habari ya sauti ya hatari ina njia fupi ya kufikia sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, bila kusubiri sehemu ya juu imalize kuichambua. Njia hiyo imeokoa maisha ya watu wengi. Haijui tofauti ya lori na mlima, kwa sababu hakuna aliyeifundisha tofauti hiyo.

Je, inaweza kufundishwa? Ndiyo, ila haiwezi kufutwa, na anayewauzia watu "kufuta hofu" anawadanganya. Pavlov aliligundua hilo kwa mbwa wake zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbwa aliyezoea sauti inayotangulia chakula hudondosha mate akiisikia. Ipige sauti mara nyingi bila chakula, mate yatakauka. Mpumzishe kisha uipige tena, na mate yanarudi. Somo la zamani halikufutika. Somo jipya liliwekwa juu yake, na linahitaji kurudiwa ili libaki juu.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa na hali mbaya kuliko yangu. Kwa miezi alilala na viatu miguuni. Tulianza na kigoda karibu na mlango. Lori likipita, tunakaa badala ya kutoka, kiganja kimoja ukutani, tunavuta pumzi polepole mpaka kumi. Mkono ukutani ulikuwa na kazi: kusikiliza. Lori huja na mngurumo, linakua, kisha linakwenda upande mmoja na kuisha. Ardhi ikitetemeka, kitanda na ukuta na maji ya ndoo vinashtuka kwa pamoja bila kuaga. Mwanzoni alikaa kwenye kigoda akilia. Ilikuwa Septemba. Karibu na Noeli nilimsikia gizani akisema peke yake, "Hilo ni lori," akajigeuza upande wa pili. Begi lenye vitambulisho na blanketi tuliliacha pale pale karibu na mlango, na liko hapo hata leo, kwa sababu mlima nao uko pale pale. Kumfundisha mtu kutofautisha si kumdanganya kwamba hatari imeisha. Na kuna hofu ambazo kigoda hakizitoshi: ndoto za kila usiku, mtoto aliyeacha kuongea, mtu mzima asiyeweza tena kukaa kati ya watu. Hizo mpelekee msaikolojia au mhudumu wa afya mapema, bila aibu.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya mara 21. Hayakuzaliwa jana. Babu yao ni Émile Coué, mfamasia Mfaransa aliyeishi kati ya 1857 na 1926, ambaye kliniki yake ya Nancy ilijaa watu. Aligundua kwamba dawa anayoikabidhi kwa kuisifu inamsaidia mgonjwa kuliko ile anayoikabidhi kimya. Akawafundisha watu kusema asubuhi na jioni, mara 20, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20, kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa nafuu. Namheshimu Coué. Hakuwa tapeli, hakujiita mponyaji, na sentensi yake ilikuwa na unyenyekevu: inasema "nazidi", haisemi "nimeshafika". Waliomrithi waliuondoa unyenyekevu huo wakabakiza kuhesabu.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapima watu waliorudia sentensi ya kujisifu kwamba wanastahili kupendwa. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Wanaojiona duni, hasa wale ambao sentensi ilitungwa kwa ajili yao, walijisikia vibaya kuliko wenzao wasioirudia. Mimi sishangai. Tamka "pesa inanitafuta" huku umerudishwa nyumbani kwa deni la minervali, yaani ada ya shule, uone kama ndani hakijibu kitu. Kinajibu, na hoja zake ni nzito kuliko sentensi yako. Msichana wa Ndosho alijibiwa hivyo asubuhi 21.

Hiyo namba 21 nayo ina asili yake. Mwaka 1960 daktari wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua siku 21 hivi, kwa uchache, kuzoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakalibeba neno hilo mpaka likawa sheria ya tabia zote. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ndogo, matokeo waliyochapisha mwaka 2010 yalikuwa na sura nyingine: wastani wa siku 66, wa haraka siku 18, na kwa wa polepole kabisa makadirio yakafika siku 254. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na taabu hiyo ina urefu tofauti kwa kila mtu. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakubomoi kilichojengwa.

Kuhusu zile sauti za kuweka sikioni usiku ili "zipenye" akili ya ndani, ambazo vijana wanatumiana kwenye simu, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary alidai kwamba aliuza bisi na soda nyingi zaidi kwenye sinema kwa kupitisha maneno ya haraka yasiyoonekana na macho. Dunia ilishtuka. Mwaka 1962 alikiri kwamba utafiti wake haukuwa na uzito wowote. Wasomi nao huteleza: mwaka 1996 John Bargh na wenzake waliandika kwamba wanafunzi waliosoma maneno yanayohusu uzee walitembea polepole koridoni, na mwaka 2012 watafiti wa Bruxelles waliorudia jaribio hilo kwa vipimo vya mashine hawakuona kitu. Somo hili lina watu wengi wanaotaka liwe la ajabu kuliko lilivyo.

Kilichobaki baada ya kupepeta kinatosha kabisa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, aliwataka watu waache kusema "nitajitahidi" na badala yake wafunge tendo kwenye ishara: nikifika mahali fulani, au jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 za mbinu hiyo, na zikaonyesha inasaidia kwa kiasi kizuri. Sababu yake ndiyo ninayoipenda. Ukishafunga fundo hilo, ishara yenyewe inaamsha tendo. Huhitaji kushindana na uchovu wa jioni.

Mama zetu wa soko la Virunga wanalijua hilo kwa jina la likelemba, mchango wa akiba wa kupokezana. Anayeweka akiba peke yake hushindwa na Jumamosi. Anayepitiwa na mwenzake kila jioni, akiwa bado anafunga meza, mfuko wa hela ungali kiunoni, hatoi kwa sababu ana nia ya chuma. Anatoa kwa sababu mkono umeshazoea kufunguka saa hiyo. Namfahamu motari mmoja wa Katindo ambaye kwa miaka hakuweza kubakiza hata franga. Alichobadilisha ni njia ya kurudi nyumbani. Akimshusha mteja wa mwisho, anapita kwanza kwa mama mwenye daftari, kisha ndiyo anakutana na kona yenye muziki na bia. Zamani ilikuwa kona kwanza. Nia ni ile ile aliyokuwa nayo siku zote.

Watu wa dini wanaelewa hapa kuliko wakufunzi wa semina. Muislamu hasubiri moyo utulie ndipo atawadhe. Anatawadha, na maji, saa na mkeka vinauleta moyo. Mama anayepiga magoti kabla kengele ya alfajiri haijanyamaza, magoti yake yanamtangulia. Maneno ya sala yana mwili, yana saa na yana mahali, na sidhani ni haki kuyaweka kapu moja na karatasi ya "pesa inanitafuta".

Kwa watahiniwa wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao kila mwaka naona wakibeba kalamu zao zikaombewe, nina ombi moja. Lien Pham na Shelley Taylor waliwagawa wanafunzi wa California, utafiti uliotoka mwaka 1999. Wengine walijiona akilini, dakika chache kila siku, wakiipata alama nzuri na kufurahi. Wengine walijiona wakisoma: wamekaa wapi, daftari gani, wamezima nini. Kundi la pili lilisoma mapema zaidi na kufaulu zaidi. Kwa hiyo ukifumba macho, usijione umepakwa poda nyeupe barabarani siku ya matokeo. Jione umefungua daftari la hesabu saa kumi na mbili jioni, umeme umekatika, umewasha taa ndogo, unaanza zoezi la kwanza. Kisha lala. Usiku ubongo unaendelea kukaza ulichojifunza mchana. Katika jaribio moja la mwaka 2002, watu waliojifunza kugonga mfululizo wa vidole waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20, bila mazoezi mengine. Kukesha na simu kabla ya mtihani ni kumfukuza fundi kabla hajapigilia misumari.

Ninachowalaumu wauza semina kwa moyo wote ni kwamba fundisho lao linabebesha akili ya mtu mmoja mizigo isiyokuwa yake. Barabara ikifungwa, viazi vya Kibumba havifiki, bei inapanda, mafuta ya kukaangia yanapanda, na msichana wa mandazi anakosa mtaji. Halafu anaambiwa kwamba hakuamini vya kutosha. Hapana. Kuna mambo ya kudai kwa wenye mamlaka, na kuna mambo madogo, ya kweli, ambayo mtu anaweza kuyafundisha mwili wake. Kuyachanganya ni kumwibia mara mbili.

Mimi na yeye tuliketi tukaiangalia siku yake, saa kwa saa. Alitaka kufaulu hesabu. Tukafunga fundo moja tu: akishanawa unga mikononi jioni, anakaa kwenye ndoo ile ile iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba, anafanya mazoezi matatu kabla ya kula. Karatasi ya semina haikutupwa. Aliigeuza, na mgongoni anachora mstari mmoja kila siku. Siku ya 41 haina mstari, alikuwa na malaria. Siku ya 42 unao. Juzi alinionyesha, ilikuwa imefika 83, na unga ulikuwa bado kwenye kucha.